Ukiulizwa Uchague Koleji



 

 Maneno haya niliyasema Disemba 2025, nilipokuwa nyumbani Mombasa kwa likizo, mbele ya ndugu waliokuwa wamemaliza mitihani na wengine waliokuwa wakijiandaa kuomba nafasi ng'ambo. Wahariri wa jarida wakaniomba niyaandike ili na wewe unayesoma baada ya futari uyapate. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Ukikuta nimerukaruka, nisamehe. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa hisabati, si mwanachuoni.

Swali ninaloletewa sana ni hili: "Dada, najaza fomu ya Cambridge na wananiuliza nataka koleji gani. Niandike ipi?" Wengine huniuliza kama vile mimi nina orodha ya siri mfukoni. Sina. Nina kosa langu mwenyewe, na la babangu, na nitayaeleza yote mawili.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Sisi watu wa pwani tukisema chuo tunakusudia madrasa. Bibi yangu akiambiwa mtoto yuko chuoni, anajua yuko kwa mwalimu na juzuu lake mkononi. Halafu skuli ikatufundisha chuo kikuu. Sasa kule Cambridge, chuo kikuu kimoja kina vyuo 31 ndani yake, kila kimoja na lango lake, mkuu wake, maktaba yake, jiko lake na pesa zake. Siku ya kwanza nilipomweleza bibi akacheka, akasema, "Basi na wewe unarudi chuoni." Ili tusichanganyikiwe, vile vya ndani nitaviita koleji.

Koleji si hosteli. Hili ndilo linalowapoteza wengi wetu, kwa sababu tumezoea University inayokupa kitanda na godoro na habari imekwisha. Anayeijua Riyadha ya Lamu atafahamu haraka zaidi. Mwanafunzi anatoka mbali, anakaa dakhalia, analala pale, anakula pale, mwalimu anayemjua kwa jina yuko pale pale, na akiugua wanajua. Al-Azhar ya Cairo nayo zamani ilikuwa na riwaq zake, watu wa Maghrib na yao, watu wa Sham na yao. Cambridge ilianza namna hiyo. Koleji yao ya mwanzo, Peterhouse, ni ya mwaka 1284, na haja ilikuwa ile ile: wanafunzi wametoka kwao, wanahitaji pa kulala, pa kula na mtu wa kuwasomesha.

Leo kazi zimegawanywa. Mihadhara, maabara, mitihani na shahada ni mambo ya University. Mimi na kijana wa koleji nyengine tunakaa darasa moja, tunafanya mtihani mmoja, na shahada yetu ni moja. Koleji inakupa chumba, chakula, maktaba ya karibu, mlezi wa masomo, na kitu kinachoitwa supervision. Hicho ni kikao cha wanafunzi mmoja, wawili au watatu na mwalimu mmoja, mnakwenda na kazi mliyoifanya na hamna pa kujificha. Aliyesoma madrasa anakijua kikao hicho. Ni kama kumsomea mwalimu peke yako wakati wenzako wameshatoka kucheza. Na koleji ndiyo inayokuhoji na kukuchukua. Ndiyo maana fomu inakuuliza.

Kati ya zile 31, mbili hazichukui wanafunzi wa shahada ya kwanza. Tatu (Hughes Hall, St Edmund's na Wolfson) ni za waliotimiza miaka 21 na zaidi. Mbili, Newnham na Murray Edwards, ni za wanawake watupu. Zilizobaki ni mchanganyiko. Na ujue mapema kwamba KCSE peke yake haikufikishi huko. Wanataka A-Level au IB au kitu cha kiwango hicho. Maombi mengi hufungwa tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza masomo, na katika mwaka mmoja huwezi kuomba Cambridge na Oxford pamoja. Huu ndio uzito wa lile swali la koleji. Una nafasi moja ya kuandika jina.

Sasa kisa changu.

Mimi nilichagua kwa picha. Nasema bila ya kuficha. Nilikuwa na simu ya babangu, na kila usiku naangalia minara, nyua zenye majani yaliyokatwa kama zulia, mto na mashua. Ami yangu anayekaa Leicester naye akazidi kunitia moto: "Chagua kongwe, chagua yenye jina. Jina hufungua milango." Nikachagua kongwe yenye jina. Sitaitaja, haikunikosea kitu.

Baba ni karani bandarini, mtu wa kusoma kila karatasi hadi chini. Akasoma kijitabu chote. Akaniita.

"Labeka, Baba."

"Mwanangu, hapa wanasema kuna koleji za wanawake watupu. Si ndiyo yako hiyo?"

"Baba, hizo si nzuri."

"Umejuaje?"

Nikanyamaza. Sikuwa najua. Nilichojua ni kwamba ile moja niliyoiona haina mnara, na picha zake ni za saruji nyeupe. Lakini sikusema hivyo, nikasema maneno mengi kuhusu hisabati na walimu na matokeo, mengine nikiyatunga pale pale. Baba naye hakuwa na hoja ila moja: awe mahali penye wasichana wenzake, nilale usingizi. Alidhani ni kama skuli ya bweni yenye ukuta na askari getini. Tukabishana wiki mbili. Akaniambia nisali istikhara. Nikasali, lakini nakiri mbele yenu, nilisali kwa jibu nililokuwa nimeshalichagua. Mwisho Mama akaingia kati: "Muache. Yeye ndiye atakayelala huko." Baba akatia sahihi na hakusema neno. Kwetu baba akinyamaza ni vibaya kuliko akigomba.

Nikahojiwa Disemba, kwa kompyuta, kwenye meza ya chakula, na mdogo wangu amekaa mlangoni kuzuia watu wasiingie.

Hapa ndipo lazima mjue jambo ambalo mimi sikulizingatia. Koleji uliyoiomba ikiona unafaa lakini nafasi zake zimejaa, haikutupi. Mwezi wa Januari koleji zote hukaa pamoja na kuangalia majina ya namna hiyo. Wao huliita jina la bwawa, mimi naliita kapu. Koleji nyengine yenye nafasi inaweza kukutoa kapuni ikakuchukua, na hapo huchagui tena, unachaguliwa. Mamia ya wanafunzi huingia Cambridge kila mwaka kwa njia hii. Na kuna wanaoacha kuchagua tangu mwanzo, fomu inawaruhusu, halafu kompyuta inawapangia. Hilo nalo si dhambi, ikiwa kweli kwako zote ni sawa.

Basi barua yangu ikaja mwisho wa Januari. Nimekubaliwa, alhamdulillah, lakini na koleji nyengine. Koleji ya wanawake.

Baba alisujudu sijda ya shukra pale pale ukumbini. Mimi nikaingia chumbani nikalia. Nilikuwa nimepata Cambridge na nalia, angalieni ujinga wa nafsi. Nilihisi nimetupwa pembeni, nimepewa makombo. Ami kutoka Leicester akapiga simu kunipa pole. Pole!

Nilipofika ndiyo nikaona kwamba mimi na Baba tulikosea sote wawili, kila mtu kwa upande wake. Mimi nilidhani koleji ile ni kiambaza cha ile University ya kweli. Kumbe kutoka chumbani kwangu hadi jengo la hisabati ni dakika kumi kwa miguu, na wenzangu wa ile kongwe ya mjini wanakuja na baiskeli, mvua inawapiga usoni. Walimu wa supervision nikapata wazuri, na wengine wao ni wa koleji nyengine, kwa hivyo hata kwenye ile yenye mnara ninaingia, tena kila wiki.

Baba naye alidhani kuna ukuta. Hakuna. Wageni wa kiume huingia, mihadhara ni mchanganyiko, baa ipo kama koleji nyengine, na usiku wa Ijumaa utasikia muziki. Nilimwambia kweli likizo ya kwanza. Nilijua atashtuka, akashtuka. Lakini koleji hizi zina heshima yake, na inafaa wazazi wenye mabinti waijue historia. Girton ilianza 1869 na Newnham 1871, wakati mwanamke haruhusiwi kuwa mwanafunzi kamili wa Cambridge. Wanawake walisoma, wakafanya mitihani, wengine wakawashinda wanaume, na shahada kamili hawakupewa mpaka 1948. Girton ilianza kupokea wanaume mwaka 1979. Murray Edwards ilizaliwa 1954 kwa jina la New Hall, kwa sababu nafasi za wasichana zilikuwa chache mno. Hizi hazikujengwa kuwafungia wanawake. Zilijengwa kuwafungulia. Nilipomweleza Baba hivi akatafakari kidogo, akasema, "Hiyo hawakuiandika kwenye kijitabu."

Haya, sasa tuje kwenye mambo ambayo picha hazionyeshi. Kwangu mimi ndiyo yenye kuchagulia.

La kwanza ni jiko. Usicheke. Kila ujia wa vyumba una jiko dogo la pamoja, Cambridge wanaliita gyp, na majiko haya hayalingani hata kidogo. Koleji moja utakuta jiko kamili na oveni, nyengine utakuta maikrowevu na birika tu, kwa sababu wanataka ule ukumbini kwao. Na vyuo vingine hutoza ada ya jikoni kila muhula, uwe umekula au hukula. Kwa mtu asiyejali nyama ni ipi, hilo ni jambo dogo. Kwako wewe, ikiwa ukumbini hakuna nyama halali na chumbani huna pa kupikia, utakula maharage na jibini miaka mitatu. Kuna koleji zinazopika halali mara kwa mara, kuna zinazopika ukiwaarifu mapema, na kuna ambazo kwako wewe ni mboga tu. Usiulize "Je, mnajali Waislamu?" Wote watasema ndiyo. Uliza "Nyama halali mnapika siku ngapi kwa wiki, na mwezi wa Ramadhani naweza kufungiwa chakula nikakila baadaye?"

Jiko letu lina plate mbili. Ramadhani ya 2025 iliingia mwanzo wa Machi, katikati ya muhula. Wiki ya kwanza nikazidiwa na hamu ya nyumbani, nikaamka saa kumi alfajiri nikakaanga mahamri. Mafuta yakatoa moshi, king'ora cha moto kikalia, na jengo zima likatoka nje na nguo za kulalia, kwenye baridi ya kuuma mifupa. Wasichana arubaini wananiangalia, na mimi nina mwiko mkononi. Askari wa mlangoni akaja, mzee mpole, akaniuliza ninapika nini saa hizi. Kesho yake nikapita mlango kwa mlango na sahani ya mahamri kuomba radhi. Tangu hapo wananigongea wao, wanataka tena. Lakini kukaanga sikukaanga tena. Baadaye nilisoma kwenye kanuni za chumba kuwa mafuta mengi ni marufuku, iliandikwa ukurasa wa tatu.

Na hapo kwenye Ramadhani, zingatia saa. Mombasa magharibi haituhangaishi, inachezacheza kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima. Kule ni habari nyengine. Mwanzo wa Machi jua linazama kama saa kumi na mbili kasorobo, ndiyo saa ukumbi unafunguliwa kwa chakula cha jioni, raha tupu. Lakini waliosoma huko mwaka 2016 walifunga Juni, magharibi saa tatu na dakika ishirini usiku, jiko la koleji limefungwa zamani, na mitihani ya Cambridge ni Mei na Juni. Nyinyi mtakaoingia miaka hii inayokuja mtakuwa kinyume, Ramadhani inarudi nyuma kwenye baridi. Januari 2030, Inshallah, mtafuturu muda mfupi baada ya saa kumi na robo alasiri, huenda uko katikati ya supervision. Unachukua tende mfukoni, unamwambia mwalimu dakika tano. Sijasikia aliyekatazwa.

La pili ni likizo, na hili hakuna aliyeniambia. Muhula wa Cambridge ni wiki 8, na mihula ni mitatu. Fanya hesabu: wiki 24. Mwaka una 52. Wiki 28 zilizobaki unalala wapi? Mwingereza anarudi kwao kwa treni. Wewe tikiti ya Mombasa huwezi kukata mara tatu kwa mwaka. Koleji zingine zinakuachia chumba mwaka mzima, zingine zinakukubalia ukae likizo kwa kulipa kila wiki, na zingine zinataka chumba kitupu siku muhula unapokwisha kwa sababu wanakipangisha kwa wageni wa mikutano. Rafiki yangu, Mnaijeria wa koleji nyengine, alifunga vitu vyake vyote kwenye maboksi, akaambiwa stoo imejaa, akavileta kwangu. Nililala miezi mizima na sufuria zake chini ya kitanda. Uliza kabla: "Mwanafunzi wa kutoka nje anaruhusiwa kubaki likizo zote? Kwa bei gani? Vitu vyake vinawekwa wapi?"

Idd ya 2025 ilinikuta hivyo. Muhula ulikwisha tarehe 21 Machi, Idd ikaja mwisho wa mwezi. Ujia wetu mtupu, milango kumi imefungwa, nasikia friji inavyonguruma. Nikavaa nguo aliyonishonea Mama, nikapanda baiskeli hadi msikitini.

Msikiti wenyewe, kwa wasioujua, ni Cambridge Central Mosque, uko Mill Road, ulifunguliwa 2019. Ndani umeshikwa na nguzo za mbao zinazotanuka juu kama miti na kushikana matawi, unachukua kama watu elfu moja, na wanawake wana nafasi ya kweli, si ya kubanwa nyuma ya pazia. Nilimpigia Mama video, akasema "Mashaallah" mara saba. Baada ya sala, familia moja ya Kisomali ikanichukua kwao, na nilipojua wanasema Kiswahili cha Eastleigh nikacheka mpaka machozi. Lakini nataka uone kitu: Mill Road iko mashariki ya mji. Koleji kama Girton iko upande wa pili kabisa, kama kilomita nne kutoka katikati ya mji, bado hujafika msikitini. Homerton au Hughes Hall ni karibu. Sisemi ukatae Girton, ina bustani na nafasi na watu wake wanaipenda. Nasema fungua ramani, weka kidole kwenye koleji, kidole chengine kwenye jengo la somo lako, na cha tatu kwenye msikiti, kisha jiulize Januari, giza, mvua, baiskeli. Wa udaktari aangalie na hospitali ya Addenbrooke's, iko kusini ya mji.

Pesa sitazieleza sana kwa sababu zinaumiza. Mwanafunzi wa nje hulipa ada ya University, ambayo kwa masomo mengi inazidi pauni 25,000 kwa mwaka, na juu yake ada ya koleji, na hii ya pili inatofautiana koleji kwa koleji. Kodi ya chumba pia. Wazazi wengi huona ile namba ya kwanza, wakasahau ya pili. Mimi nilipata ufadhili uliobeba karibu yote, na bila ya huo nisingesimama hapa. Lakini koleji tajiri (Trinity ndiyo yenye mali kushinda zote) na hata za kadiri huwa na mifuko ya kusaidia vitabu, safari na dharura. Muulize mtu wa ndani kama fedha hizo hupatikana kweli au zimeandikwa tu.

Kanisa. Hili wazazi huniuliza kwa sauti ya chini. Ndiyo, koleji nyingi zina kanisa ndani, na zamani mambo yalikuwa magumu. Mpaka sheria ya 1871, asiyekuwa wa Kanisa la Uingereza alifungiwa nyadhifa za koleji. Leo hulazimishwi kuingia. Kwenye chakula cha rasmi mnavaa majoho, husomwa dua ya Kilatini, na divai inapita mezani. Wewe unageuza gilasi yako juu chini, basi. Newnham tangu kuasisiwa haina kanisa. Churchill walibishana sana juu ya jambo hili, hadi Francis Crick, yule mwanasayansi wa DNA, akajiuzulu 1961 kupinga kujengwa kanisa kwenye koleji mpya, na hatimaye likajengwa mwisho wa uwanja, mbali na majengo. Ninalotaka kuwaambia ni kuwa kanisa halijanisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni upweke wa wiki za mwanzo, na hicho kipo pia penye msikiti mlango wa pili. Tafuta koleji yenye hata Waislamu wachache wanaojuana. Jumuiya ya wanafunzi Waislamu ya University ipo, ina futari za pamoja, waandikie kabla ya Oktoba, waulize watu wa koleji fulani wanaishije. Wanajibu.

Wanaowaza Oxford, mfumo ni jamaa mmoja, na huko pia wanaweza kukuhamisha koleji. Durham nayo ina koleji 17, moja iko ndani ya ngome ya zamani, lakini kule koleji haisomeshi, ni maisha tu, kwa hivyo chagua kwa maisha. Na kwa mnaofikiria shahada ya pili, mzee wetu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1933 na akazikwa hapa 2014, alipata udaktari wake Oxford 1966 akiwa Nuffield. Nuffield ni koleji ndogo ya wanafunzi wa juu peke yao, ya watu wa siasa, uchumi na jamii. Kwa mwanasiasa wa vitabu kama yeye, pale ndipo hasa. Huko ndiko kuchagua kwa somo, si kwa minara.

Kuna kijana siku ile alinyanyua mkono akasema, "Sasa sisi tunaokwenda Eldoret na Makerere hii yatuhusu nini?" Haki yake. Nikamwambia maswali yale yale yachukue: napikia wapi, nalala wapi likizoni, natembea vipi usiku, ada gani haikuandikwa mbele. Akasema atauliza juu ya maji kwanza. Nikasema uliza.

Mdogo wangu naye anataka kuomba Oktoba hii ya 2026, uhandisi. Nilitegemea Baba ataanza tena na koleji za wanawake. Hakuanza. Kabla sijarudi alinipa karatasi imekunjwa, mwandiko wake wa bandarini, herufi kubwa, maswali kumi na nne ya kuwauliza watu wa koleji nne alizoziteua yeye na mdogo wangu pamoja. Kodi ya likizo. Siku za nyama halali. Umbali hadi Mill Road kwa dakika, si kwa maili. La kumi na nne ameliandika chini kabisa na kulipigia mstari: king'ora cha jikoni kinalia kwa moto, au hata kwa moshi?